Ngozi si nywele, fizi si meno: mwongozo kamili wa kutunza kichwa na kinywa, kwetu Mombasa

Mimi ni msusi, nasuka Majengo mwaka wa 16 sasa, na kazi hii mtu anakaa mbele yako saa nne saa tano, kichwa chake kiko mikononi mwako na akigeuka kukuongelesha mdomo uko hapa kwa uso wako, kwa hiyo nawajua watu kwa vitu viwili, ngozi ya kichwa na pumzi. Na kitu nimekiona miaka yote hii ni kimoja. Watu wanaosha nywele lakini hawaoshi ngozi, na wanasugua meno lakini hawafiki pale jino linapoingia kwenye fizi. Uchafu unakaa palepale mkono usipofika. Alafu mba ukionekana tunapaka mafuta juu yake, na mdomo ukinuka tunatafuna karafuu, yani tunafunika. Nitaandika hapa namna ya kufika mahali penyewe, kwanza kichwa, alafu kinywa. Si daktari mimi, haya ya dawa nimefunzwa na madaktari wa ngozi na wa meno nikiwapeleka wanangu na wateja wangu, na mengine nimeyaona kwa macho kila siku.

Tuanze na maji

Sisi wa Majengo, Kisauni, Likoni, wengi tunaogea maji ya kisima, na ni ya chumvi. Maji matamu tunanunua kwa mtungi kutoka kwa mkokoteni na hayo ni ya kupikia na kunywa. Sasa sabuni ya mche na maji ya chumvi hazipatani, povu halitoki, badala yake inajifanya utando mweupe unaganda kwenye nywele na ngozi. Mteja anakuja ananiambia "nina mba sugu, nimeosha jana tu na umerudi", nikimpasua mistari nakuta ngozi iko safi kabisa, haina wekundu, haiwashi, ule unga uko juu ya nywele na ukiusugua kidoleni unateleza kama nta. Huo si mba, ni sabuni.

Dawa yake ni rahisi. Osha na maji ya kisima kama kawaida lakini tumia shampuu, sio sabuni ya mche, manake shampuu haigandi na maji ya chumvi vile sabuni inavyoganda. Alafu suuza mara ya mwisho na maji matamu, lita 3 au 4 zatosha, mimina polepole kwa kopo huku mkono mwingine unapita kwenye ngozi. Usimalize mtungi mzima, hakuna haja.

Mba wenyewe

Mba wa kweli ni magamba yanayotoka kwenye ngozi, ngozi inawasha, na mara nyingi unashuka mpaka kwenye nyusi, nyuma ya masikio na pembeni ya pua. Chanzo ni fangasi mdogo sana anaitwa Malassezia. Huyu anaishi kichwani mwa karibu kila mtu mzima, si uchafu na si ugonjwa wa kuambukizwa. Anakula yale mafuta yanayotoka kwenye ngozi, na anachobakisha baada ya kula ndicho kinachoichokoza ngozi ya baadhi yetu ikaanza kuwasha na kubambuka.

Ukishaelewa hapo utaona kosa letu liko wapi. Tumekua tukiambiwa kichwa kikiwa na mba kimekauka, kipake mafuta ya nazi, kipake nyonyo. Mafuta yanalainisha magamba ndio, kwa siku mbili waona kichwa kimetulia, lakini umempelekea fangasi chakula mpaka nyumbani. Siwaambii muache mafuta ya nazi, nywele zinayapenda sana, mimi mwenyewe nayapaka. Yapake kwenye nywele zenyewe na kwenye ncha, ngozi yenye mba iache.

Namna ya kuosha sasa, fuata hivi hivi.

Fumua nywele zote, chana, gawanya mafungu manne, kama ni nzito gawanya sita, kila fungu libane peke yake. Lowesha na maji ya uvuguvugu, sio ya moto, alafu osha mara moja na shampuu ya kawaida kutoa mafuta na jasho la juu. Usipotoa hayo dawa haifiki.

Shampuu ya dawa waipata duka la dawa, uliza ya ketokonazoli asilimia 2, na kama hakuna uliza yenye zinki pirithioni au selenium sulfaidi. Chukua chupa yenye mdomo mwembamba, mimi natumia ile ya tomato iliyooshwa vizuri, tia shampuu kidogo na maji kidogo utikise. Pitisha mdomo wa chupa kwenye mstari wa ngozi, fungu baada ya fungu, kuanzia utosini kushuka kisogoni na nyuma ya masikio. Sugua kwa nyama ya kidole, kucha weka mbali, manake kucha inakwaruza na pale palipokwaruzwa bakteria wanaingia na sasa una mba na vidonda.

Alafu ngoja. Hapa ndipo watu wote wanaharibu, wanatia na kusuuza hapohapo. Dawa yataka dakika 5 imekaa kwenye ngozi, weka alamu ya simu. Suuza mpaka maji yatoke meupe, tia kondishona kwenye nywele tu, ngozini hapana.

Mwisho ni kukausha, na sisi wa pwani hapa tusikilizane. Joto la Mombasa lina unyevu, nywele hazikauki haraka, na asubuhi mtu ana haraka anajifunga mtandio na buibui juu kichwa kikiwa bado maji. Kinakaa kimefunikwa na unyevu mpaka alasiri, na fangasi hataki raha zaidi ya hiyo. Ukiweza osha usiku, kaa mbele ya feni, gusa ngozi kwa kidole, ikiwa kavu ndo ulale. Na mtandio wa ndani, ule wa pamba unaoshika jasho, fua kila siku, usivae wa jana.

Fanya hivyo mara mbili kwa wiki kwa wiki 2 mpaka 4, ukishatulia mara moja kila wiki moja au mbili kuuzuia usirudi. Nywele za kipilipili zinazoishiwa mafuta haraka, mara moja kwa wiki yatosha, za singa zinaweza kuvumilia zaidi. Ukiwa umesukwa huna haja ya kufumua kila mara, ile chupa yako ya mdomo mwembamba inapita kwenye mistari.

Ukimaliza mwezi mzima na hakuna badiliko, au magamba ni mazito yana rangi ya fedha na yanavuka mpaka kwenye paji la uso, hiyo yaweza kuwa soriasisi, ugonjwa mwingine wa ngozi, nenda ukaonwe. Na mba mkali sana ulioanza ghafla kwa mtu mzima, unaotapakaa usoni na kifuani, mwambie daktari akupime damu pia na virusi vya Ukimwi, maana kinga ikishuka mba hupanda, na kujua mapema ni uhai.

Mashilingi, na kwa nini krimu haitoshi

Hii ni ya watoto hasa, kuanzia miaka mitatu mpaka kumi hivi. Duara kichwani, nywele zimekatika karibu na ngozi, wakati mwingine kuna vidoa vyeusi vidogo pale zilipokatikia, na magamba. Mama ataleta mtoto nimnyoe "tupake krimu" na mimi nakataa kumnyoa, namwambia peleka kliniki kwanza, na nimepoteza wateja kwa hilo lakini sijuti.

Sababu ni hii. Fangasi wa mashilingi ameingia ndani ya unywele wenyewe, chini kwenye shina. Krimu inabaki juu. Yataka dawa ya kumeza, mara nyingi griseofulvini, kwa wiki 6 mpaka 8, daktari anapima mtoto uzito ndo anaandika dozi, na ile hufyonzwa vizuri ikimezwa na chakula chenye mafuta, kwa hiyo mpe baada ya wali wa nazi au kikombe cha maziwa. Kuna terbinafini pia. Shampuu ya ketokonazoli mwoshe nayo, haiponyi peke yake lakini inapunguza kuambukiza wengine. Usiache dawa wiki ya tatu kwa kuwa nywele zimeanza kuota, ndo hapo inarudi.

Ikivimba ikawa kama jipu laini linatoa usaha, usikubali mtu alipasue. Linafanana na jipu lakini ni mwili unapigana na fangasi, na likipasuliwa au likicheleweshwa laweza kuacha kovu nywele zisiote pale maisha yote. Peleka siku hiyohiyo.

Na tafuteni lilikotoka. Chanuo moja nyumba nzima, kofia za madrasa za kuazimana, mto, na kinyozi. Mashine ya kinyozi inatoka kichwa hiki inaingia kile, mwambie bila haya atoe nywele kwenye meno ya mashine kwa brashi kwanza alafu aipanguse na spiriti mbele yako, spiriti juu ya nywele zilizokwama haifanyi kazi. Wengi siku hizi wananunua mashine yao wanaenda nayo, na ni akili nzuri.

Vipele vya kisogoni kwa wanaume ni hukohuko kwa kinyozi vinaanzia. Nywele za kipilipili zikinyolewa chini sana zinajikunja kurudi ndani ya ngozi. Acheni kunyoa kipara cha wembe kisogoni, bakisha nywele kidogo, kola ya kanzu isisugue pale, na vikianza kuwa vigumu na vikubwa usivitumbue, wahi daktari wa ngozi vingali vidogo.

Chawa naenda haraka: losheni ya permethrini asilimia 1, kitana cha meno ya karibu karibu kwenye nywele zenye maji na kondishona, rudia baada ya siku 7 mpaka 10 manake mayai yaliyobaki yatakuwa yameanguliwa, na nyumba nzima mkaguliwe siku moja. Mafuta ya taa kichwani mwa mtoto hapana, yanaunguza na yanashika moto.

Piko na rangi ya nywele

Hili naliandika kwa uchungu. Hina ya kweli ni majani, inatoa rangi nyekundu ya kahawia na inachukua saa nyingi kushika. Piko jeusi tunalochora maarusi mara nyingi ni rangi ya nywele ya unga, na ndani yake kuna kemikali inaitwa PPD. Mtu anaweza kuchorwa mara tatu nne salama, mwili unajifunza kuichukia kimyakimya, alafu siku moja anatia rangi nyeusi kichwani na uso unavimba macho hayafunguki. Nimemkimbiza mteja hospitali na tuktuk namna hiyo. Alikuwa mama wa arusi, kesho yake ndo arusi ya mwanawe, na nilipomuuliza kama piko liliwahi kumuwasha akaniambia ndio, mkononi, mwaka uliopita, kidogo tu, akanyamaza.

Kwa hiyo kama piko liliwahi kukuwasha, kukutoa malengelenge au kuacha alama ya maua kwenye ngozi, usitie rangi nyeusi ya kichwa tena, na mwambie msusi na daktari. Kama hujawahi, pima kila mara: paka tone nyuma ya sikio, ngoja saa 48, ikitulia endelea. Na watoto wadogo msiwachore piko, wachore hina nyekundu, inapendeza vilevile.

Kusuka bila kupoteza nywele za mbele

Nawasema wasusi wenzangu na wateja pia. Ukitoka kwangu na kichwa kinauma mpaka huwezi kulala, au kuna vipele vidogo vyeupe kwenye mstari wa mbele, nimekusuka vibaya, rudi nikulegeze, usimeze panadol ukavumilia. Nywele za pembeni zikivutwa mwaka baada ya mwaka shina lake linakufa, na likishakuwa kovu hakuna mafuta ya kulirudisha. Mapema linarudi.

Ule msuko wa twende kilioni, wa zamani wa mkono, bila nyongeza, ndo pumziko zuri kuliko yote. Rasta kaa nazo wiki 6, ikizidi 8, alafu fumua, osha, kaa wiki mbili tatu bila kitu. Usisuke rasta nzito juu ya nywele zilizotiwa dawa ya kulainisha juzi tu, ngozi bado imechomeka. Na anayefunga mtandio akibana chudi, lile fundo la nywele, nyuma kila siku, badilisha mahali pa chudi, leo chini kesho kando.

Sasa kinywa

Pitisha ulimi nyuma ya meno ya chini ya mbele sasa hivi. Kama kuna kitu kigumu, kimekwaruza kama mchanga umeganda, huo ni ukoga. Ulianza kama utando laini wa bakteria, unaotoka kwa mswaki bila taabu. Ukiachwa siku chache madini ya mate yanaugandisha, na ukishaganda hakuna mswaki wala chumvi wala mkaa wa kuutoa, mpaka uende ukakwanguliwe. Watu wanajaribu kuusugua na mkaa uliosagwa na jivu na mchanga wa pwani, wanachotoa ni ngozi ya jino na ukoga uko palepale.

Ule utando ndani yake kuna bakteria wanaokula sukari na kutoa asidi. Kila ukila sukari meno yanakaa kwenye asidi karibu nusu saa ndo mate yanarudisha hali. Kwa hiyo si kiasi cha sukari peke yake, ni mara ngapi kwa siku. Angalia siku yetu: chai ya maziwa na mahamri asubuhi, saa nne soda, mchana juisi ya ukwaju, alasiri mabuyu au kaimati, usiku chai tena. Mtu hajala kilo ya sukari lakini meno hayajapumzika. Kaimati nane ukizila mezani na chakula ni bora kuliko moja moja kila nusu saa. Mabuyu ndo mabaya zaidi kwa maoni yangu, sukari na ukali pamoja, na mtoto anayafyonza mdomoni robo saa.

Namna ya kupiga mswaki

Mswaki wa nywele laini, sio ngumu. Dawa ya meno iwe na floraidi, soma paketi, iandikwe kati ya 1000 na 1500 ppm. Wengine siku hizi wanaogopa floraidi kwa sababu wameona ndugu wa Nakuru na Naivasha wana meno ya rangi ya kahawia. Yale yalitokana na maji ya kunywa yenye floraidi nyingi mno walipokuwa wadogo, meno yakiwa bado yanaumbika ndani ya fizi. Tone la dawa unalotema ni kitu kingine kabisa. Na jamani tusiwacheke, si uchafu ule.

Simama mbele ya kioo. Ulaze mswaki mshazari, nusu ya nywele zake ziko juu ya jino na nusu ziko kwenye mpaka wa fizi. Cheza nao kidogo kidogo palepale, kama unatikisa, alafu zungusha kutoka kwenye fizi kuja kwenye jino. Meno mawili matatu, songa. Nje yote, ndani yote, alafu pale pa kutafunia. Ndani ya meno ya chini ya mbele simamisha mswaki wima. Gego la mwisho funga mdomo nusu ndo mswaki unafika, ukiachama sana shavu linabana. Malizia ulimi kutoka nyuma kuja mbele, harufu nyingi ya mdomo iko nyuma ya ulimi. Dakika mbili kamili.

Tema, usisukutue na maji. Najua ni tabia ngumu kuacha, lakini ukisukutua umeosha ile floraidi iliyotakiwa kubaki kazini. Mara mbili kwa siku, na kama ni lazima ukose moja basi usikose ya usiku, maana usingizini mate hupungua. Ukitoka kunywa ukwaju au kula embe bichi la ndimu na pilipili ngoja nusu saa kwanza, jino limelainika. Mswaki badilisha kila miezi mitatu. Katikati ya meno mswaki hauingii, pitisha uzi wa meno usiku, mara moja.

Mswaki wa mti, ule unaouzwa mafungu nje ya misikiti Ijumaa, ni mzuri kweli na si porojo za wazee, una vitu vya kupunguza bakteria. Menya nusu inchi, tafuna mpaka nyuzi zifunguke, sugua kutoka fizini kuelekea ncha ya jino, usivute kushoto kulia kwa nguvu kwani hapo ndipo fizi zinarudi nyuma. Kesho kata ile ncha menya mpya. Tatizo ni kwamba watu wanasugua meno sita ya mbele, magego hawayajui. Mimi nashauri mswaki wa mti mchana, wa dawa ya floraidi usiku. Ramadhani piga baada ya daku na kabla ya kulala, na mchana mswaki wa mti mkavu, japo wanaofuata Shafi wengi huuacha baada ya adhuhuri. Harufu ya saumu ni ya mdomo mkavu, maji mengi baina ya futari na daku husaidia.

Fizi zikitoka damu

Kosa kubwa kabisa ni kuacha kupiga pale panapotoka damu. Damu inatoka kwa sababu utando umekaa pale na fizi imekasirika, ukipakwepa unazidi. Piga taratibu lakini piga hapohapo, na sukutua maji ya uvuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi, baada ya wiki moja au mbili inakata. Isipokata kuna ukoga chini, nenda ukakwanguliwe. Ukikwanguliwa utaona meno kama yameachana kidogo na baridi inachoma siku kadhaa, watu wanasema "wameniharibia meno", hapana, ile nafasi ilikuwa imejazwa na ukoga.

Wenye kisukari, nyinyi fizi ni muhimu kama dawa zenu, kwa kuwa sukari ikipanda fizi zinaoza haraka na fizi zikiwa na usaha sukari haishuki. Wajawazito fizi zinavimba kwa homoni, na kusafishwa meno na mimba hakuna madhara, mwambie tu daktari una mimba ya miezi mingapi.

Kwa wanaotafuna muguka na miraa: mdomo unakauka, na juu yake soda na chingamu ya sukari usiku kucha, meno ya pembeni yanaoza kwenye mpaka wa fizi yote kwa mpigo. Mwaka 2024 kaunti iliipiga marufuku muguka, jambo likaishia mahakamani, mimi sina la kusema hapo, nasema badilisheni soda iwe maji na chingamu iwe isiyo na sukari. Tambuu ni jambo zito zaidi. Popoo peke yake, hata bila tumbaku, imethibitishwa kusababisha saratani ya mdomo. Ukitafuna, kila mwezi jiangalie kwenye kioo ndani ya mashavu na chini ya ulimi, doa jeupe au jekundu au kidonda kisichopona wiki mbili, au mdomo umeanza kukataa kufunguka, nenda bila kuchelewa.

Jino likiuma

Karafuu inatuliza, hiyo ni kweli, mafuta yake yanatia ganzi. Tone kwenye pamba, gusa jino, sio fizi. Ni ya usiku mmoja ufike asubuhi. Aspirini usiilaze kwenye fizi, inaunguza. Na usikimbilie duka la dawa kununua vidonge sita vya amoksilini, mzizi umeoza ndani na dawa haifiki kule, maumivu yanatulia mwezi alafu yanarudi na jipu. Jino likitoboka ukaenda mapema ni kuzibwa tu. Mimi nilivumilia gego hivyo mwaka mzima kwa karafuu na vidonge, likang'olewa, na lingezibwa mwanzoni ningekuwa nalo leo.

Usingoje asubuhi kama uvimbe umepanda kuelekea jicho au umeshuka chini ya taya, una homa, kumeza ni shida, mdomo haufunguki. Hiyo inaua. Nenda kitengo cha dharura cha hospitali ya Coast General usiku huohuo.

Likishang'olewa uma pamba nusu saa, siku ile usisukutue, usivute sigara, usinywe kwa mrija, lile donge la damu ndo dawa yenyewe. Maumivu yakizidi siku ya tatu badala ya kupungua, rudi.

Na mtoto akianguka jino la utu uzima likang'oka zima, lishike kwa kichwa chake sio mzizi, limwagie maji safi kidogo, lirudishe tunduni, ukiogopa litie kwenye maziwa na mkimbie kwa daktari ndani ya saa moja. La utoto usilirudishe.

Watoto

Anza jino la kwanza linapotoka. Chini ya miaka mitatu dawa iwe kama punje ya mchele, mitatu mpaka sita kama punje ya njegere, na umpige wewe mpaka afike miaka saba manake mkono wake bado hauwezi. Asilale na chupa ya maziwa au chai mdomoni. Na mtoto mchanga akiharisha, mtu akikwambia ana meno ya plastiki yatolewe, ondoka na mwanao hapo, wale wanachimbua vijino vya kweli ndani ya fizi, wapo watoto wamekufa kwa hilo, na kinachotakiwa ni kumnyonyesha, maji ya ORS na hospitali.

Kitu kimoja sikuambiwa na naumia mpaka leo. Binti yangu alikuwa na miaka saba, gego la nyuma likatoboka, nikasema ni la utoto, litatoka lenyewe. Daktari aliponionyesha kwenye kioo kidogo nilinyamaza. Lilikuwa la maisha. Gego la kwanza la utu uzima hutoka karibu miaka sita, nyuma ya yote, na halisukumi jino lolote kutoka, kwa hiyo mzazi hajui limekuja.

Leo jioni mkalishe mwanao mlangoni kwenye mwanga, kichwa kwenye paja lako, hesabu kutoka katikati ya meno ya mbele kwenda nyuma, upande mmoja. Moja mpaka tano ni nafasi za meno ya utoto. Likiwepo la sita, ni la maisha yake yote. Angalia kama lina doa jeupe la chokaa au mstari mweusi katikati, na usiku anzia mswaki hapo, kabla mtoto hajachoka kuachama.